Tishari Lililolala Bega

Mama mkwe wangu alivunjika mfupa wa paja katika mwezi wa kazi nyingi, na nadhani hilo la kazi lilimuuma kuliko mfupa wenyewe. Kwao ni Wingwi, kaskazini ya kisiwa, na tangu baba mkwe afariki yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari la ng'ombe la nyumba ile. Alipakia mihogo, mawe, mchanga wa kujengea, kuni za shughuli na vitanda vya maharusi. Wanawake waendeshao magari ya ng'ombe hapa Pemba ni wachache mno, lakini sijawahi kumsikia akijisifu kwa hilo. Mwenye gari alikufa, ng'ombe wakabaki, naye akashika fimbo.

Gari lilipinduka naye kwenye mteremko karibu na nyumbani kwake. Wakamleta hospitali ya huku Mkoani, akapasuliwa na kutiwa chuma. Siku ya kuruhusiwa, daktari alituuliza njia ya kwao ikoje. Mume wangu akamweleza yale mashimo na mawe.

"Basi asirudi huko kwanza," daktari akasema. "Akae mahali ambapo hatatikiswa, miezi minne, kisha tumtazame tena."

Ndivyo alivyokuja kukaa kwetu, bila kutaka.

Nyumba yetu iko juu kwenye kilima kinachopanda kutoka bandarini. Mimi ni fundi cherehani, na mashine yangu nimeiweka chumba cha nyuma kwa ajili ya mwanga wa dirisha kubwa. Dirisha hilo linatazama gati lote, mkondo wa maji na kisiwa cha ng'ambo. Tukamtandikia kitanda chake hapo hapo, ili nikishona niwe naye karibu. Mume wangu hutoka asubuhi kwenda ofisini na harudi mpaka alasiri, kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, mimi na yeye.

Nimezaliwa Mkoani. Meli nilikuwa nazisikia tu, kuzitazama sizitazami. Honi ya boti ya abiria ilinikumbusha kuinjika wali, na makelele ya wachukuzi yaliniambia kwamba mzigo umefika. Zaidi ya hapo sikuwa na habari nayo bandari, kama vile mtu asivyokuwa na habari na saa ya ukutani mpaka isimame.

Wiki ya kwanza mama hakusema zaidi ya kuitikia salamu. Alilala uso ukutani. Nilimlisha, nikamwogesha, nikambadilisha nguo, na kila nilipomaliza alisema "ahsante mwanangu" kwa sauti ya mtu anayeshukuru asiyemjua. Mume wangu alipomuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba ng'ombe wake wako kwa mdogo wake, na mdogo wake hajui kuwafunga nira. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

Siku ya nane au ya tisa nilikuwa napiga pindo la kanzu, nikamsikia akiuliza nyuma yangu.

"Mwanangu, kile kinachovutwa kina nini ndani?"

Niligeuka. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Huko chini, boti moja nyeusi, fupi na nene, ilikuwa ikiingia mkondoni, nayo inaburura kitu kipana kama sinia la chuma.

"Ile ya mbele inaitwa tagi," nikamwambia. "Kazi yake ni kuvuta. Ile ya nyuma ni tishari. Haina injini, inapakiwa mizigo tu."

"Hilo naliona. Nimeuliza lina nini ndani."

Sikujua. Mwanamke wa Mkoani, umri wangu wote nimeishi juu ya bandari, na sikujua. Nikamwambia nitauliza. Jioni nikamuuliza mchukuzi mmoja anayepita kwetu, akasema ni kokoto na vyuma vya kujengea barabara. Nilipompelekea mama jibu hilo alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Nikajua mawe. Limezama mpaka shingoni."

Tangu siku ile hakutazama tena ukuta. Nilimwongezea mito mgongoni, nikamsogezea kitanda mpaka kikagusa dirisha. Asubuhi baada ya kusali akiwa amekaa, alikuwa anataka chai yake na dirisha lake. Alijifunza haraka kuliko nilivyoweza kumfundisha, maana mimi mwenyewe nilikuwa najifunza kwa kuuliza watu ili nimjibu. Akaijua meli ya saruji kwa vumbi lake, na meli ya mchele kwa wachukuzi wake, ambao aliwahesabu kuwa wengi na wenye haraka. Akajua kwamba maji yakipwa, meli kubwa hungoja nje. Tagi aliiita dume. Tishari aliliita gari. "Dume limefika," angeniambia, nami ningesimamisha mashine nije kutazama.

Alikuwa mkali wa kukosoa. Nahodha akianza kuvuta kwa ghafla, kamba ikakaza na kuruka kutoka majini, yeye aliguna kama kwamba amepigwa mwenyewe. "Ntu huyu hajui mnyama," alisema, kwa lafudhi yao ya kaskazini ambayo mume wangu ameipoteza ofisini. "Huanzi kwa kishindo. Unaanza polepole, nira ikae, kisha unaomba nguvu." Nilicheka. Nikaona naye anacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu alipoanguka.

Basi ikafika asubuhi ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa mwezi wa tatu wa kukaa kwake. Barabara iliyokuwa ikijengwa upande wa kusini ilikuwa imekwisha, na mashine zake zinarudishwa zilikotoka. Tishari lilikuwa limefungwa gatini tangu jana yake, na kufika saa mbili asubuhi walikuwa wameshalipakia greda na rola la kushindilia. Tagi nyeusi ilikuwa pembeni, inatoa moshi, inasubiri maji yajae.

Mimi nilikuwa na sare za madrasa za kumaliza siku hiyo, kwa hiyo nilikuwa nimeinamia kazi. Mama aliniita mara moja, nikasema "labeka" bila kuinua macho. Akaniita tena.

"Njoo utazame gari lile."

Nikaja. Niliona tishari, mashine mbili za njano, watu wanapita. Sikuona kitu.

"Kaa hapa nilipo mimi. Tazama kwa chuma hiki cha dirisha."

Dirisha letu lina nondo za kulala. Nilipoinama karibu na kichwa chake nikaona anachokiona. Nondo ya pili ilikwenda sawa na ukingo wa gati, lakini ukingo wa tishari ulikuwa ukiiacha nondo na kushuka upande wa nje, upande wa baharini. Tofauti yake ilikuwa kama upana wa kidole.

"Limelala bega," akasema.

"Ni greda hilo, mama. Zito. Wameliweka upande wa nje."

"Greda limewekwa tokea saa mbili. Nilipolitazama saa mbili, bega lilikuwa nusu ya hapo. Saa tatu likaongezeka. Sasa ni hivi unavyoona. Mzigo haukusogea, mwanangu, na bega linashuka. Basi kuna maji yanaingia."

Nikamwambia wale ni watu wa kazi, wana nahodha wao na mafundi wao, hawawezi kukosa kuona kitu kama hicho. Nilimwambia kwa heshima, lakini nilitaka kurudi kwenye sare zangu.

Hapo ndipo aliponiambia jinsi alivyoanguka. Hakuwa amemweleza mtu yeyote, hata mwanawe. Siku ile jirani zake walimpakilia mawe, wakayalundika upande mmoja. Alipoondoka aliona gari limelala. Aliliona vizuri kabisa. Lakini wale walikuwa wanaume wanne waliotoka jasho kumpakilia, na aliona aibu kuwaambia washushe wapakie upya. Akasema moyoni, labda litafika.

"Mimi niliona nikanyamaza," akasema. "Usininyamazishe mara ya pili. Teremka ukawaambie."

Nilivaa buibui nikateremka. Njia ya kushuka si ndefu, lakini nilikuwa na muda wa kutosha kuona haya. Nilijiuliza nitasema nini. Kwamba kuna mwanamke wa Wingwi, amelala kitandani na mguu wa chuma, anasema tishari lenu linavuja? Nilikuwa karibu kugeuza. Nilichoogopa zaidi ni kurudi kule juu na kumkuta ananitazama.

Mlinzi wa getini nilimfahamu, nilikuwa nimemshonea kanzu ya Idi. Alinipokea vizuri, akanisikiliza, kisha akatabasamu.

"Dada, tishari halina neno. Wanaondoka muda si mrefu."

"Nimetumwa nimwone nahodha tu. Nikishamwambia, nimetimiza."

Akaona sitaondoka. Akaingia, akarudi na mtu wa makamo, mnene kidogo, kofia ngumu mkononi. Alikuwa mtu wa bara kwa msemo wake. Alinisalimia, akasimama kunisikiliza, ingawa macho yake yalikuwa yakirudi gatini kila mara. Nilimwambia kama nilivyoambiwa: saa mbili hivi, saa tatu hivi, sasa hivi, na mzigo haukusogea. Nilimwonyesha kwa kidole changu ile tofauti niliyoiona kwenye nondo.

Akageuka kulitazama tishari. "Kutoka hapa naliona sawa tu," akasema.

"Kutoka hapa hata mimi naliona sawa," nikamjibu. "Juu ndiko linakoonekana."

Sijui kwa nini alinisadiki. Baadaye alisema ni kwa sababu ya zile saa, kwamba mtu anayekuja na maneno ya uzushi haji na saa. Alinifuata nje ya geti, akapanda kilima kiasi cha hatua mia, nami nyuma yake natweta. Kisha akageuka. Akasimama, kofia ameiweka kifuani. Akatoa simu.

"Msifungue kamba," akasema kwenye simu. "Fungueni vifuniko vyote vya upande wa nje. Ndiyo, vyote. Sasa hivi."

Alishuka mbio. Mimi sikujua kama nirudi nyumbani au nibaki, nikabaki nimesimama pale pale njiani. Niliwaona wale watu, wadogo kwa mbali, wanainama juu ya sakafu ya tishari, wanafungua kifuniko cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu mmoja wao alipiga magoti, akatia mkono wake ndani mpaka begani, akautoa unachuruzika maji.

Nilipanda kilima kama msichana. Mama alikuwa ameshaona yote. Alikuwa amekaa wima, amejifunga mtandio vizuri, kama mtu anayengojea wageni.

"Kifuniko cha tatu," nikasema.

"Nimeona," akasema. "Sasa kamalize sare za watu."

Hawakuondoka siku ile. Walileta pampu, maji yakatoka kwa mdomo mpana mpaka adhuhuri. Wakalishusha greda, wakachomelea mahali palipoachana ndani, wakapakia upya katikati. Yote hayo tuliyafuatilia dirishani, na sitaficha kwamba sare hazikwisha siku hiyo.

Baada ya alasiri nahodha akaja. Mume wangu alikuwa amesharudi, na njiani alikuwa ameshasikia habari kwa watu watatu mbalimbali, kila mmoja kwa namna yake, kwa hiyo nahodha alimkuta bado ananiuliza mimi ukweli wake ni upi. Tukamkaribisha ndani.

"Shikamoo bibi," nahodha akasema.

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Nilileta chai na mkate wa kumimina. Nahodha akaeleza kwamba bati moja la ubavuni lilikuwa limeachana kwenye maungio, chini ya maji, pengine tangu walipogusa fungu la mchanga wakati wa kuingia. Maji yalikuwa yakiingia kidogo kidogo. Wao waliona tishari limelala kidogo, wakadhani kama nilivyodhani mimi, kwamba ni uzito wa greda.

"Tungetoka nalo vile," akasema, "huku ndani kusingekuwa na tabu. Tabu ingekuwa tukishapita Kisiwa Panza, tukikutana na mawimbi ya nje. Labda tungefika. Labda tusingefika. Na mle ndani ya tishari huwa naweka watu wawili."

Nilidhani mama atasema alhamdulillahi, na alisema. Kisha akasema, "Unaanza kwa kishindo."

Nahodha hakuelewa.

"Unapovuta. Kamba yako inaruka. Yule mwenzio wa tagi nyekundu haimruki."

Mume wangu alianza kumkatiza, akiona mgeni anavunjiwa heshima, lakini nahodha alikuwa ameweka kikombe chini. Alimweleza kwamba kamba yake ilikuwa imechakaa, na humu bandarini huwa fupi, lakini huko nje huilegeza ndefu sana, ili wimbi likilisukuma tishari kamba ichukue ule mshtuko. Mama alimsikiliza kwa makini, akauliza ni ndefu kiasi gani, akaambiwa, akafikiri. Akasema kwamba ng'ombe ukimpa kamba ndefu kwenye mteremko gari litampanda mgongoni. Nahodha akasema hata tishari hufanya hivyo, nahodha asipoangalia. Wakaendelea hivyo, mwendesha gari wa Wingwi na nahodha wa tagi, mpaka chai ikapoa na ikabidi niipashe. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nawatazama. Nilimwona mume wangu naye anamtazama mama yake kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa ndugu ambaye hakujua kuwa anaye.

Alipoaga, nahodha alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili. "Bibi, nimefanya kazi hii tangu kijana. Leo umenifundisha kupanda kilima."

"Panda kila ukipakia," akamjibu. "Si mbali."

Keshoye asubuhi, maji yalipojaa, tagi ilianza kuvuta. Ilianza polepole. Kamba ikanyanyuka kutoka majini, ikanyooka bila kuruka, na tishari likaliacha gati likiwa limekaa sawa sawa na nondo ya pili ya dirisha letu. Lilipofika katikati ya mkondo nahodha akapiga honi, mara moja, ndefu. Bandarini watu wakageuka kutazama juu kwenye kilima. Mama hakupunga mkono. Aliunyoosha mtandio wake tu. Lakini niliona kidevu chake kimepanda, na najua changu kilipanda pia.

Mwezi uliobaki mambo yalibadilika nyumbani kwetu. Wachukuzi walipopita walimsalimia kutoka njiani. Mlinzi wa geti, kila nilipokwenda sokoni, aliniuliza bibi leo anasemaje, na hakuwa akifanya mzaha kama siku ya kwanza. Walikuja wateja ambao hawakuwa na nguo ya kushona. Mama aliwapokea wote kwa adabu, na akichoka aliwaambia wazi kwamba wamemzibia dirisha.

Kwangu mimi, nilitarajia aniambie neno. Sikutarajia shukurani kubwa. Neno tu, kwa kuwa ni mimi niliyeteremka na aibu zangu hadi pale getini. Hakuniambia. Daktari alipomruhusu, tulimrudisha Wingwi kwa gari la kukodi, dereva akienda taratibu kwenye kila shimo, naye njia nzima alizungumza habari za ng'ombe wake, mdogo wake amewaharibu kiasi gani, na nira mpya atakayoichonga.

Tulikwenda kumtembelea siku ya pili ya Idi. Anatembea na mkongojo, gari ameshaanza kuliendesha tena, ingawa mume wangu hapendi. Uani kulikuwa na wanawake wengi wamekuja kumsalimia, na kabla sijaingia nilimsikia akisimulia. Alikuwa akiwaeleza bandari ya Mkoani: meli gani inaleta nini, maji yakipwa inakuwaje, tagi inavutaje na kamba inalegezwa vipi. Aliyajua kuliko mtu aliyezaliwa pale. Nikasimama mlangoni kumsikiliza, na viatu mkononi.

Mwanamke mmoja akamuuliza, "Na lile tishari ulilolikomboa, Bi? Tusimulie hilo."

"Mimi kukomboa, nilikuwa kitandani nimelala," akasema. "Mimi niliona. Kuona si kazi, kila mwenye macho anaona. Aliyelikomboa ni mkwe wangu. Aliteremka peke yake, akawaendea wanaume na bandari yao, akasimama mpaka wakamsikiliza. Mimi siku yangu nilishindwa kufanya hivyo."

Kisha akainua macho akaniona mlangoni. Hakushtuka wala hakubadilisha sauti. Aliwaambia wale wanawake wasogee, akapapasa mkeka pembeni yake.

"Huyu hapa," akasema. "Njoo ukae, mwanangu. Waambie mwenyewe yule mlinzi alikujibu nini."

Nikakaa, nikawaambia.